Kompyuta Inayosahau Kila Jioni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni iliyotujengea tangi jipya la maji;
Bibi Msimamizi wa Makao;
Wauguzi, mpishi, na dereva wa mgeni rasmi, ambaye tumeshamzoea kuliko tulivyomzoea bosi wake;
Wakazi wenzetu, mlio macho na mliosinzia:

Salamu kwenu nyote.

KARIBU

Sisi wakazi wa Makao haya ya Wazee tunakukaribisha kwa mikono miwili, wale ambao mikono yote miwili bado inanyanyuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tuna mengi ya kupona, kuanzia magoti kwenda juu. Msomaji wa risala hii alikuwa karani wa mahakama na maisha yake yote alisoma mashtaka. Sauti ikikujia kama ya mashtaka, tunaomba radhi, hana nyingine.

Kwa tangi tunashukuru sana. Maji sasa yanafika bafu la ghorofani na hatubebi ndoo tena. Bibi Msimamizi alitushauri risala yote iwe ya tangi, lakini tangi liko pale nje, la bluu, kila mtu analiona, na mwenye macho haambiwi tazama. Tumeomba tuseme juu ya zawadi yako ya kwanza, ambayo hakuna aliyekuja kuizindua. Ni ile kompyuta ya akiba iliyo kwenye kona ya chumba cha mapumziko, chini ya kitambaa cha kufuma.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, kompyuta hiyo ilitoka nyumbani kwako. Ilikuja na gari lako, na gari hilohilo ndilo lililomleta mama yako. Tunalisema wazi kwa sababu ukumbi mzima unajua, na kuficha jambo ambalo kila mtu analijua ni kazi bure. Siku hiyo dereva alishusha mama, begi moja na kompyuta. Alituomba sahihi ya kompyuta tu.

Tuliipokea kwa shangwe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tulipoiwasha, ikaomba nywila, na nywila hatukupewa. Tulibahatisha kila tulichoweza. Bwana mmoja aliandika jina la timu yake ya mpira mpaka kibodi ikachoka. Mwisho mashine ikafunga mlango kabisa, ikawa meza ya kuwekea miwani.

Hapo ndipo alipoinuka mkazi mwenzetu tunayemwita Fundi Redio, aliyetengeneza redio mpaka watu walipoacha kuzitengeneza. Alisema mashine si mbovu, kilichofungwa ni mfumo endeshi wake, yaani ile programu mama inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Akasema ipo mifumo huria, ya jamaa ya Linux, isiyouzwa wala kudai leseni, na mingine imetengenezwa kwa ajili ya wasiojua kitu. Wasiojua kitu tulikuwa wengi. Mpishi akaenda duka la fotokopi na kurudi na flashi tatu, kila moja na mfumo wake.

JINSI TULIVYOCHAGUA MFUMO

Tulikaa mchana mzima, viti vimezunguka kona, chai inapoa. Fundi Redio alichomeka flashi moja baada ya nyingine na kila mkazi alipewa nafasi ya kugusa.

Wa kwanza tuliuita Bwana Harusi. Ulikuwa mzuri ajabu, madirisha yanafunguka kwa madoido, rangi zinameremeta, lakini mashine ni kongwe, na kila alipopiga hatua tulimsubiri kama anavyosubiriwa bwana harusi yeyote. Wa pili tuliuita Askari. Ulikuwa mwepesi kweli, ila ulifungua skrini nyeusi na kungoja amri. Mwalimu mstaafu akauandikia, "Tafadhali fungua." Haukufungua. Wa tatu tuliuita Jirani. Kitufe cha kuanzia kilikuwa chini kushoto, saa chini kulia, kama tulivyokuwa tukiona maofisini, herufi zinakuzwa mpaka mtu anasoma bila kutafuta miwani, na hakuna kinachohama mahali pake. Kura zikaenda kwa Jirani, isipokuwa moja ya bibi aliyempenda Bwana Harusi na bado anampenda.

Yeyote mwenye mashine ya akiba na wazee nyumbani tunamshauri hivyohivyo. Achague mfumo ambao mtu akiuacha leo, kesho ataukuta ulivyo. Urembo aulize baadaye.

Sasa, Jirani akiamka kutoka kwenye flashi hutoa njia mbili, kujaribu au kusakinisha. Ukijaribu, unautumia wote, lakini ukizima mashine husahau kila ulichofanya. Ukisakinisha, hukaa moja kwa moja na kukumbuka, ila hufuta kilichokuwa kwenye diski, lile ghala la ndani ya mashine. Fundi Redio alikuwa ameshaweka kidole kwenye kusakinisha. Kabla hajabonyeza alifungua diski ya zamani atazame kama ina kitu cha maana.

Ilikuwa na picha, mgeni rasmi. Picha za nyumbani kwako.

Mama yako alikuwa amekaa nyuma. Alisimama bila fimbo. "Msiguse," akasema. "Hao ni wajukuu zangu."

Fundi alimweleza kwa upole kwamba picha zitanakiliwa kwanza kwenye flashi, kisha diski ifutwe, kisha zirudishwe, hakuna kitakachopotea. Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu, "Baba, na mimi niliambiwa nitahamishwa na vitu vyangu vyote."

Hatukupiga kura ya pili. Tangu siku ile Makao haya yanatumia mfumo wa kujaribu.

MAFANIKIO

Tulijifunza. Mwalimu mstaafu aliandika kisa cha maisha yake mpaka alipofikia kuolewa, tukazima mashine kama kawaida, asubuhi hakuna hata alipozaliwa. Alitununia wiki nzima, lakini sasa huhifadhi kazi zake kwenye flashi yake na huivaa shingoni na ufunguo wa kabati. Wengine wanacheza karata za kwenye mashine, ambazo zina sifa ya kutokugombana na mtu.

Kila asubuhi Fundi Redio humwamsha Jirani upya, humkuzia herufi na kumwongezea sauti, maana Jirani hakumbuki kwamba tuna macho mabovu. Hakasiriki. Husema ni kama kumwamkia mzee, hata kama jana ulimwamkia.

Na kila asubuhi, kabla ya mtu mwingine kugusa, kiti ni cha mama yako. Tulimpa jina la Bi Kipanya, kwa jinsi anavyokishika kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili, kama kitaruka. Hufungua picha zake mwenyewe, bila msaada. Mwanzoni alizitaja moja moja kwa sauti. Huyu ni fulani, amefuata meno ya babu yake. Huyu ni fulani, mtundu, alinivunjia birika. Sisi tulikuwa tukinywa uji, tunaitikia "ehee" na "wee!", kila mtu na mawazo yake.

Hapo ndipo tulipokosea, mgeni rasmi. Tulisikia majina yale kila siku na hatukuyashika. Tulidhani mwenyewe yupo, ya nini kuyashika sisi?

CHANGAMOTO

Diski ya kompyuta imeanza kugonga. Fundi anasema ni mlio wa diski inayoaga. Wakati wa mama yako kupumzika tulinakili picha zote kwenye flashi mbili, na tunaomba radhi kwa kwenda kinyume na neno lake. Picha ziko salama.

Changamoto iliyobaki haina flashi. Mama yako ameanza kusahau.

Ilianza kidogo kidogo. Alimwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine, akajirekebisha, akacheka. Kisha akaacha kujirekebisha. Kisha akaacha kutaja, akawa anagusa skrini kwa kidole na kutugeukia. "Huyu nani?" Na sisi wote tuliokula naye, tuliosikia majina yale mpaka tukayachoka, tukatazamana. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Tunakumbuka birika lililovunjwa. Aliyelivunja hatumjui.

Siku moja msomaji huyuhuyu wa risala hakuweza kuvumilia macho ya mama yako, akabuni jina. Alisema tu lililomjia mdomoni. Mama yako aliigeukia tena ile picha. "Hapana," akasema. "Silijui jina lake, lakini si hilo." Akaanza kulia, na siku ile hatukucheza karata.

Tuliiandikia ofisi yako. Hatukuomba fedha, tuliomba majina ya watoto walio kwenye picha. Tulijibiwa, kwa lugha nzuri sana, kwamba maombi ya vifaa yatafikiriwa katika robo ijayo ya mwaka. Tulipiga simu pia. Binti wa mapokezi aliuliza, "Ni kuhusu tangi?" Tukasema hapana. Akasema utatupigia. Mgeni rasmi, hatukulaumu kwa majibu ambayo huenda hukuyaona. Lakini tangi lilikuja kabla ya majina.

MAOMBI

Tuliagizwa maombi yasizidi mawili, na Bibi Msimamizi amekwisha kukuandalia moja, la magodoro. Basi hili letu ni moja tu, tumeligawa kwa sababu watoto ni watatu.

Yupo msichana mwenye pengo la meno ya mbele, amesimama juu ya stuli jikoni. Tunaomba jina lake.

Yupo mvulana aliyejificha nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Tunashuku huyu ndiye wa birika. Tunaomba jina lake.

Yupo kichanga ndani ya blanketi la njano. Kama sasa ni mkubwa na ameshabadilika, haidhuru, utupe jina lile alilobebwa nalo.

Ukitutajia, safari hii tutayashika. Mwalimu atayafundisha kama alivyofundisha jedwali la kuzidisha, na kila asubuhi Fundi akishamkuzia Jirani herufi, tutamtajia mama yako upya. Jioni atasahau. Kesho tutamtajia tena. Kazi hiyo tunaiweza, tumeizoea kwa mashine.

Kama una nafasi zaidi ya kututajia sisi, kiti cha pili kipo pale kwenye kona. Kina mto. Ungekaa umtajie mwenyewe. Mtu hachoki kwa majina matatu.

Katika picha ya kichanga yuko pia mwanamume anayekibeba, nywele zake bado nyeusi, anacheka mpaka macho yamefumba. Jina la huyo hatukuombi. Mama yako bado analo. Akifika kwenye picha hiyo hamwulizi mtu, hulitaja jina lako mara moja, lote, pamoja na lile la utani ulilopewa utotoni, ambalo kwa heshima ya shughuli hii hatutalisoma.

Ndiyo maana leo tulimvika gauni lake zuri na kumweka mstari wa pili, kiti cha pembeni, akuone vizuri. Ulipoingia, na haya tumeyaongeza kwa kalamu hapahapa ukumbini, alisimama akapiga makofi pamoja nasi. Kisha akamwinamia msomaji, akauliza, "Huyu mkubwa ni nani?"

Tulimwambia ni mgeni rasmi. Hatukuwa na ruhusa ya kusema zaidi.

Mgeni rasmi, Mungu aibariki kazi ya mikono yako, ailinde nyumba yako na wote walalao ndani yake. Akurudishe salama, ila asikurudishe upesi. Gari lisubiri kidogo. Kompyuta tumeiacha ikiwaka, na picha ziko wazi.

Ni sisi,
Wakazi wa Makao ya Wazee,
Kikundi cha Kompyuta ya Akiba.