Alama Sifuri za Salehe: Risala ya Walinzi wa Chanzo cha Maji Kilunde

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu. Wajomba wa ukoo mlioshuka mlima kwa miguu. Mabibi na mabwana: shikamooni.

KARIBU
Sisi walinzi wa Kilunde, juu ya Bigwa, tunakukaribisha. Barabara umeiona mwenyewe, hatuna la kuongeza.

TULIKOTOKA
Mkakati wa Taasisi ulipoletwa, tuliubandika ukutani. Unasema: "Chanzo kisichoguswa, mji usio na kiu." Sote tuliuamini, ila mwenzetu Salehe Abdulmajid aliuamini kupita kiasi. Sisi tukikimbizana na wakata miti makorongoni, yeye alikwenda kunywa uji kwa wajomba. Huku Uluguruni shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba akisema hapana, hakuna mpwa wa kubisha. Wajomba wakasema hapana, mti usikatwe.

MAFANIKIO
Upande wa Salehe hakuna anayekata mti wala kulima kingo za mto. Wakazi wa Mafiga, kule mjini, wanapata maji hata kiangazi.

CHANGAMOTO
Mfumo wa tathmini unampima mlinzi kwa wahalifu aliowakamata. Salehe hana hata mmoja, amepata sifuri. Mlinzi bora ni Twalibu, ambaye upande wake umebaki kipara na wahalifu hawakosekani. Twalibu ndiye anayesoma risala hii, na anaona aibu.

Salehe ameambiwa asipokamata mtu kufikia leo, ajira yake basi. Jamani, inatuuma! Ana watoto wanasoma. Tulimsihi akamate hata mmoja tu, akatuuliza, "Kwa kosa gani?"

Wananchi walitoa ushirikiano. Bi Mwaisha, mkulima wa ndizi, alifika kituoni amejifunga kanga zake vizuri. "Mwanangu, nikamate mimi. Alhamisi sina kazi."

Wengine wakajipangia zamu ya kukamatwa. Salehe akakataa, eti ni dhambi. Tukamshauri akate mti mwenyewe, kisha ajikamate. Hilo nalo akakataa.

MAOMBI
Tunaomba mlinzi apimwe kwa miti iliyosimama na maji yanayoshuka, kama Mkakati unavyotaka. Humtumi mtu maji, akirudi ukamuuliza kuni ziko wapi.

NYONGEZA YA ASUBUHI HII
Mgeni rasmi, wakati unakunywa chai, dereva wako aliteremsha gari mtoni, upande wa Salehe, akaanza kuliosha kwa sabuni ya unga. Salehe amemkamata. Yuko ofisini, amepewa ndizi, hajambo. Tunaomba usimtetee kabla alama hazijaingizwa.

Kwa hiyo Salehe amefaulu kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza maji ya upande wake yana povu. Tumefurahi na tumesikitika, hatujui tuanze na lipi.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na akufikishe mjini salama. Kama huendeshi, Twalibu ana leseni.

Ni sisi,
Walinzi wa Chanzo cha Maji Kilunde