Watoto Themanini na Mmoja wa Shule Shikizi ya Namkonda

Mgeni rasmi, viongozi wa kata, walimu, mashehe na mapadri wetu, wazazi wenzetu: shikamooni.

KUKUKARIBISHA
Sisi akina mama wapika uji wa Namkonda tunakushukuru kwa kufika. Tumesikia gari lako limekwama mchangani mara mbili. Pole. Watoto wetu hupita humo humo kwa miguu.

HISTORIA
Shule hii ilianza mwaka 2019 kwenye baraza la msikiti. Mwalimu alikuwa kijana wetu Cuthbert, Mkristo, na hakuna aliyeuliza. Kabla ya hapo mtoto wa miaka sita alitembea kilomita tisa kwenda shule mama, ile iliyosajiliwa ambayo yetu imeshikizwa kwake. Wengi waliishia njiani. Matofali tulifyatua wenyewe, maji tukiyabeba kichwani kutoka bondeni. Leo kuna vyumba viwili vilivyoezekwa bati na watoto themanini na mmoja.

MAFANIKIO
Kila mtoto anakunywa uji. Mwaka jana darasa la pili lote lilijua kusoma, hata mjukuu wa mzee Nikolao. Sasa anamsomea babu yake maelezo ya dawa ya mikorosho, na babu haruhusiwi kubisha.

CHANGAMOTO
Hapa tunasema kosa letu. Mwezi wa kumi mwaka jana, korosho zilipoanza kuanguka, tulikubaliana kwa mdomo tu kwamba masomo yaanze saa nne, watoto waokote kwanza. Hatukumwandikia mtu barua. Siku ya ukaguzi wa usajili, mkaguzi alifika saa mbili. Alimkuta Somoe, mwenzetu mjane, peke yake, anakoroga uji.

"Shikamoo mama. Watoto wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wako mikoroshoni. Saa nne utawaona."

"Na uji huo unampikia nani, kunguru?"

"Kunguru gani wa kumaliza sufuria mbili? Kaa, nikuwekee bakuli, uwahesabu."

Mkaguzi akatazama saa, akaandika, akaondoka. Somoe hakuacha kukoroga, maana uji ungeungua, ingawa alijua kilichoandikwa. Watoto walipokuja aliwagawia wote mpaka bakuli la mwisho. Fomu yake ilisema: hakuna wanafunzi. Usajili tukaukosa.

Msimu huu utaratibu ule tumeuacha. Tunaamka alfajiri, akina mama wenyewe, tunaokota kwa zamu, shamba la mgonjwa na la mjane kwanza. Kengele inagongwa saa mbili kamili.

MAOMBI
Ombi letu ni moja: usajili. Bila huo darasa la tatu halifunguliwi hapa, na Januari watoto ishirini na wawili watarudi kwenye njia ile ya kilomita tisa. Tunawajua kwa majina. Tunajua pia ni nani hatafika.

Desturi ni watoto kumwimbia mgeni. Leo hawakuja kukuimbia, utusamehe; wako kwenye kipindi cha hesabu, na Mwalimu Cuthbert tumemwambia asisimamishe somo hata ukiingia. Tunaomba uingie kabla ya chakula. Nafasi ya kusimama ipo nyuma, karibu na dirisha.

Mungu tunayemwomba Ijumaa na Jumapili akurudishe salama kwa watu wako, na akupe moyo wa kutukumbuka ukishakaa mezani kwako.

Ni sisi,
Akina Mama Wapika Uji, Namkonda, kata ya Makote, Newala.
Imesomwa na Mama Dunstan.