Kiti Chenye Kapu

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Addolorata Santarsiero alichukua ufagio akagonga ukuta kwa mpini. Aligonga mara moja tu. Upande wa pili wifi yake alijibu kwa kugonga mara mbili, halafu ikaja sauti ya kukwaruza: "Bado sijafa!"

"Ndiyo hasara yenyewe!" Addolorata alimjibu. Kisha wakanywa kahawa, kila mtu jikoni kwake.

Jumanne iliyopita Addolorata aligonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Kahawa ikafurika jikoni, ikatapakaa juu ya jiko, naye hakuigusa. Alisimama na ufagio wake, akasema kwa hasira: "Coronata, acha mchezo."

Haukuwa mchezo. Wasikilizaji wapendwa, Incoronata Lapolla, mjane wa Gerardo Santarsiero, mwokaji mikate wetu hapa kijijini Serracupa, amefariki. Alifariki usingizini, kwenye kitanda chake. Viatu vya safari vilikuwa mlangoni, vimeshapigwa rangi.

Kumbukumbu ya leo hapa redioni ni yake. Ni habari pia ya kiti kimoja ndani ya basi, na ya mtu aliyekigomea kiti hicho kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nyote mliujua mkate wa Incoronata. Mliujua muhuri wake wa mbao wenye jogoo, aliougandamiza juu ya kila donge la unga kabla ya kulitia tanurini. Mikate ya mtaa mzima iliingia tanuri lake hilo moja, na wa kwake ulitambulikana kwa jogoo. Kwa miaka mingi wageni walishuka kutoka kwenye magari makubwa, wakasimama mlangoni pake, wakampiga picha, wakasema ajabu gani hii, wakaondoka. Incoronata aliwatazama wakienda. Yeye mwenyewe alikuwa hajavuka mji wa Potenza.

"Gerardo," alikuwa akimwambia mumewe, "hawa wote wanakuja kunitazama mimi. Na mimi nina macho."

"Mwakani, Coronata," alijibu Gerardo. "Mwakani tutakwenda."

Gerardo alifariki kabla mwakani haijafika.

Mnajua tunavyofanya hapa. Nyumba ikifiwa, moto hauwashwi. Majirani huleta chakula, na wafiwa hukaa ndani wakila vya watu. Mjane huvaa nyeusi na hatoki. Incoronata alikaa. Alikula supu ya jirani huyu na tambi za jirani yule, akashukuru. Kisha asubuhi moja, wiki ikiwa haijaisha, moshi ulionekana juu ya tanuri lake. Watu walidhani nyumba inaungua. Alikuwa anaoka! Alipomaliza aliipanga mikate kapuni, akalifunika kapu kwa kitambaa, akaelekea kituo cha basi.

Addolorata alimkuta pale. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa misiba yetu yote. Alivaa nyeusi akiwa msichana, mama yake alipofariki. Kabla ya kuivua akafariki baba, na sasa kaka. Nyeusi moja ilipokea nyingine, na rangi isiyo nyeusi haikupata nafasi tena mwilini mwake. Alisimama katikati ya barabara mbele ya basi.

"Unakwenda wapi wewe? Kitanda cha kaka yangu hakijapoa!"

"Nakwenda kuona watu wanavyoishi."

"Watu gani?"

"Nikiwaona nitajua."

"Na hiyo nyeusi uliyovaa, utaivaa huko barabarani?"

"Hasa barabarani," alisema Incoronata. "Nyeusi haionyeshi vumbi." Akapanda. Akaketi dirishani, akageuka, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Panda, wifi."

"Afadhali nife!"

Incoronata alichukua kapu akaliweka kwenye kile kiti. Dereva, Vituccio, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele, alimwambia kapu likae chini, kuna watu wamesimama.

"Kiti kina mwenyewe," alisema Incoronata.

Na wasikilizaji wapendwa, ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Safari baada ya safari, Incoronata dirishani, kapu pembeni. Hakumwalika tena wifi yake hata mara moja. Wala hakumruhusu mtu mwingine akikalie.

Safari zake hazikuwa za kutazama tu. Alifika mji wa watu, akatafuta nyumba yenye mlio wa kazi, akabisha hodi. Akatoa mkate wenye jogoo na kusema: "Nipeni kazi." Huko milima ya Abruzzo alibisha kwa Liberata, mfumaji wa lesi. Liberata aliitazama mikono yake mipana akacheka. "Mama, hiyo ni mikono ya kukandia unga. Utaniulia uzi." Incoronata alikaa hapo siku kadhaa akavuruga nyuzi, akazifungua, akavuruga tena. Alirudi na ua moja la lesi lililopinda upande, akalitundika juu ya tanuri. Aliyesema limepinda hakuuziwa mkate siku hiyo.

Kule Liguria, kaskazini, alibisha kwa mzee Baciccia, anayechonga mihuri midogo ya kupigia chapa tambi za duara, kila tambi na ua lake. Waligombana kabla ya salamu kuisha.

"Chapa ndogo hivi, anaiona nani? Sisimizi?"

"Bibi, kwetu tunakula kwa adabu, tunatazama sahani. Ninyi huko kusini mnatazama mkate tu msije mkaibiana."

Incoronata alikaa kwake mpaka mikate ikaisha kapuni. Alipoondoka bado walikuwa wanagombana, na mzee alimbebea kapu hadi stesheni.

Kutoka Puglia alileta filimbi ya udongo yenye umbo la jogoo. Hiyo mnaikumbuka. Basi likifika kwenye kona ya chini ya makaburi, alitoa kichwa dirishani akapuliza, na kijiji kizima kikajua Coronata karudi. Addolorata aliziba masikio. Kisha akabandika sufuria ya maji, kwa sababu anayetoka safari lazima ale, hata kama ni mwendawazimu.

Mezani maswali yalianza.

"Na huyo mzee wa tambi, mkewe anasemaje mwanamke mgeni akilala kwao?"

"Mkewe ndiye aliyenitandikia."

"Wahuni wote. Na mchuzi wanaweka nini?"

"Majani ya mrehani na mbegu za msonobari. Wanatwanga kwenye kinu cha mawe."

"Upuuzi. Wanatwanga kwa kuzungusha au kwa kupiga?"

Incoronata alicheka hadi akakohoa. "Kwa mtu asiyetaka kujua, wifi, una maswali mengi."

Mwanawe, Canio, anayefanya kazi Ujerumani, alituambia: "Mama alikuwa anasafiri mara mbili. Mara ya kwanza na basi, mara ya pili akimsimulia shangazi. Nadhani ile ya pili ndiyo aliyoipenda."

Alhamisi tulimzika. Moto haukuwashwa. Majirani walileta chakula, kama desturi. Halafu vikaanza kufika vyakula ambavyo si vya majirani. Liberata alikuja mwenyewe na biskuti za lozi, ndani ya kitambaa cha lesi. Kutoka kwa Baciccia kilikuja kifurushi cha tambi. Kwenye kila tambi, ndogo kama sarafu, palikuwa na jogoo. Mzee alikuwa amechonga muhuri mpya.

Mwisho aliingia mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa amevuka bahari kutoka Sardinia. Alibeba mikate myembamba kama karatasi. Kabla hajajitambulisha, Addolorata alisema kutoka kitini kwake: "Wewe ni Bonaria. Unafuma mazulia. Una mbwa asiyebweka."

"Alishajifunza kubweka," alisema Bonaria. Wakashikana mikono.

Bonaria ndiye aliyeleta jambo lenyewe. Incoronata alipokwenda kwake mara ya mwisho alianza kufuma zulia. Aliliacha nusu, akaahidi kurudi majira haya kulimaliza. Ndiyo maana viatu vilikuwa mlangoni.

"Liko kwenye kitanda cha kufumia," alisema Bonaria. "Silikati. Silimalizii. Aje mtu wa nyumbani kwake alimalizie, ama kitanda changu kikae hivyo hivyo."

Canio alisema yeye hata kifungo hajui kukishona. Watu walitazama sakafu. Hakuna aliyemtazama Addolorata. Addolorata hajavuka daraja la chini ya kijiji. Na sasa amefiwa, na sheria ya kufiwa yeye ndiye aliyeitunza kuliko sisi sote.

Asubuhi iliyofuata Addolorata aliamka, akabandika kahawa. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye ufagio, akagonga ukuta. Mara moja.

Upande wa pili akajibiwa. Mara mbili.

Addolorata aliketi chini. Alikuwa Bonaria, aliyelala kule kwa marehemu. Alikuja mlangoni na shali mabegani.

"Samahani, nimejibu kwa mazoea," alisema. "Alipokuwa kwangu aligonga ukuta wangu kila asubuhi, nami nikamjibu. Nikamuuliza, unagonga nini? Akasema, namwamsha wifi yangu, asije akachelewa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Canio na familia yake. Tunawapa pole Liberata, Baciccia, Bonaria, na wote waliowahi kufungua mlango wakamkuta Incoronata na kapu lake. Na kwako, shangazi Addolorata, pole kuliko zote. Nasi tunaosikiliza tujiulize, kila mmoja jikoni kwake: ni nani ametuwekea kiti, akaendelea kutuwekea, huku sisi tumesimama barabarani tunamtukana?

Tulipokwenda kwa Addolorata na kinasa sauti chetu alitufukuza. Alisema hana la kusema. Yafuatayo tuliyanasa leo asubuhi, kwenye kituo cha basi.

Alikuja na Bonaria. Alivaa nyeusi yake ile ile na viatu vya kanisani. Filimbi ya jogoo ilikuwa shingoni, na kapu mkononi, na kapu lilinukia mkate wa moto. Ndiyo, kwenye nyumba ya msiba moto ulikuwa umewashwa.

"Addolorata!" aliita jirani mmoja dirishani. "Wiki haijaisha! Watu watasema nini?"

"Waseme! Midomo wanayo. Na mkate nimewaachia mlangoni, wale wapate nguvu ya kusema!"

Vituccio alimpokea kapu. Kwa mazoea ya miaka yote ile, hakuliweka chini. Aliliweka palepale, kwenye kiti cha pembeni ya kile cha dirishani. Kisha akagundua alichofanya, akabaki na mikono hewani.

Addolorata alipanda, akasimama kwenye njia kati ya viti, akakitazama kile kiti cha dirishani kilichokuwa kitupu.

"Niliposema afadhali nife," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "maana yangu ilikuwa unishike mkono, univute. Nilitaka kuja, Coronata. Siku ile na kila siku. Haya. Ondoa kapu, wifi, nikae."