Kirusi Kilichotua Mzigo

Mnanisumbua kutwa, "Bibi andika, Bibi andika," kana kwamba kalamu ni mwiko wa ugali. Darasa la tatu lenyewe sikulimaliza. Haya, naandika, ila asije mtu kuniambia nimemwaibisha mwanangu, kajiaibisha mwenyewe. Mbele ya mlango wangu kuna benchi, nauza kahawa. Asubuhi ile walikaa Kinyozi, Dobi, na huyo mwanangu tunayemwita Mzee wa Chupa, maana kazi yake ni maabara, wanakotengeneza chanjo ya kuku. Wiki hiyo jirani yetu Mama Mayai, mjane, alikuwa amefiwa na kuku mia mbili na kumi, shingo zimepinda kwa ugonjwa wa mdondo, na wote wamechanjwa. Kuku hao ndio waliokuwa wakilisha watoto wake. Aliyemshawishi achanje ni mimi.

— Chanjo imechuja, Dobi akaanza. Maji mawili tu, rangi kwaheri.

— Wewe kila kitu unakifua! Kinyozi akamkata. Kuku wamezoea sindano, sasa wanaidharau.

— Basi kirusi cha chanjo kimehongwa.

— Na nani?

— Na mdondo, nani mwingine?

Hata mimi nilicheka. Mwanangu hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Mzee wa Chupa, Kinyozi akamgeukia, wewe ndiye mwenye kazi. Tueleze.

— Chanjo ile ni kirusi cha ndui ya kuku, kilichopunguzwa makali. Tumekitwika kipande cha kirusi cha mdondo, ili kuku aijue sura ya mdondo kabla haujamfika. Lakini kipande kile si chake, ni mzigo. Katika kuzaliana hutokea kimoja kikautua njiani, na hicho huzaa upesi kuliko wenzake. Ukivikuza kwa kuvihamisha chupa hadi chupa mara nyingi, mwisho vinabaki vile vitupu.

— Mpagazi kaacha gunia, kafika mapema, anasifiwa, Dobi akasema.

— Ndiyo maana sheria yetu ni chupa tano, kisha unarudi kwenye mbegu ya kwanza. Na kila chupa unapima kama kipande kipo, unaandika kwenye daftari.

— Wewe ulifika ya ngapi? Kinyozi akauliza.

— Ya kumi na moja. Vilikuwa vinakua vizuri mno, mama. Chupa za mwisho zilijaa siku mbili kabla ya wakati. Nilifurahi.

"Mama" hiyo alinitupia mimi. Sikuipokea.

Mama Mayai alikuwa amesimama nyuma ya benchi na ndoo ya pumba, tupu. Hatukumwona alipofika.

— Kaka yangu, kwenye daftari uliandika nini?

— Niliandika kipo.

— Uliangalia?

Kinyozi akatazama viatu vyake. Mama Mayai akabeba ndoo yake akaenda.

Koti jeupe la kazi mwanangu alivuliwa wiki iliyofuata, lakini hayo ni yao huko maabara. Deni la hapa mtaani nilimpangia mimi. Nyumba arobaini na tatu zilikuwa zimechanja chupa zile. Aligonga kila mlango, akasema kwa kinywa chake: "Niliandika kipo, sikuangalia." Nami nilisimama nyuma yake kila mlango, kwa sababu ya ulimi wangu uliowashawishi wachanje. Kwa Mama Mayai alimaliza, akataka kuondoka. Mama Mayai akawaita watoto wake watatu, akamwambia mwanangu aseme tena, mbele yao.