Bi Bado Avua Viatu kwa Mara ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua usalama na huduma katika makao ya wazee, mkaguzi wetu mwandamizi, ambaye nyote mnamfahamu kwa jina la Bi Bado, anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha, usizidi ukurasa mmoja na nusu. Furaha nitaitafuta. Nimefanya kazi naye muda mrefu, nimesubiri naye muda mrefu zaidi, na hata sasa ninapoandika haya mgongo unaniuma kwa ajili yake.

Alianza kazi akiwa muuguzi wa wodi ya wazee. Akahamia kwetu kwa sababu, kama alivyomweleza mkuu wa wakati ule bila hata kuombwa maelezo, alikuwa amechoka kuosha vidonda ambavyo havikupaswa kuwapo. Hakuja na makuu. Alikuja na mkoba wa turubai, chupa ya maji na kichwa kigumu ambacho hakuna aliyefanikiwa kukilainisha mpaka leo. Jina la Bi Bado alipewa na madereva wa ofisi. Dereva akichungulia dirishani kuuliza kama tunaondoka, jibu lilikuwa lile lile: "Bado." Saa ya chakula imepita, bado. Mvua imeanza na barabara ina tope, bado. Dereva wetu wa siku nyingi alijifunza kufuma masweta ndani ya gari kwa sababu yake, na watoto wa ofisi nzima wameyavaa.

Wakaguzi wengine, mimi nikiwa mmojawao, tukifika mahali tunasalimiana, tunaonyeshwa jiko, tunahesabu mitungi ya kuzimia moto, tunasukuma mlango wa dharura kuona kama unafunguka, tunanywa chai, tunaaga. Bi Bado alifanya hayo yote isipokuwa chai. Kisha alikuwa akiingia chumba cha mzee yeyote, anaamkia, anaomba ruhusa, anavua viatu, anapanda kitandani na kujifunika shuka. Anavuta kamba ya kengele ya kuitia wahudumu, halafu anasubiri mtu aje.

Anatazama dari. Wewe umesimama pembeni na faili lako kama mtu aliyekuja kutoa pole, msimamizi wa nyumba anacheka kicheko cha wasiwasi, na mwenye kitanda amekaa kwenye kiti anafurahia sinema ya bure. Kuna mahali alisubiri mpaka usingizi ukamchukua, na bibi mwenye kitanda akafunga pazia na kukataza mtu yeyote asimwamshe, nikiwemo mimi niliyekuwa na njaa. Kwingine mhudumu alifika hatimaye, akakuta mtu kajifunika gubigubi, akaanza kujitayarisha kumbadilisha nepi. Bi Bado alimshukuru na kumpa alama nzuri, kwa sababu alikuja na maji ya uvuguvugu na alibisha hodi kabla ya kuingia.

Mimi nilishakalishwa kwenye kiti cha magurudumu na kusukumwa kwenye njia ya mteremko ili tujue kama ni mkali mno. Ni mkali mno. Niliandika hivyo mwenyewe, na plasta ikiwa kwenye goti.

Lakini wasifu huu ungekuwa porojo tupu kama ningeiruka nyumba yenye baraza la kijani. Huko wanaishi dada na mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, chumba kimoja. Mkubwa tunamwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu maisha yake yote. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa mwili. Amebaki na mkono wa kushoto, ambao kwa huo anaandika kwenye kibao chake kidogo kwa chaki. Mdogo wake ana miguu mizima ila masikio yamechoka kabisa. Mmoja hawezi kuita, mwingine hawezi kusikia. Kamba ya kengele kando ya kitanda ndiyo inayowasemea.

Sasa sikilizeni vituko. Mwenzetu mmoja, ambaye siku hizi yuko idara nyingine na ninamwombea abaki huko huko, aliwahi kuikagua nyumba ile na kuandika kwamba kamba za kengele zinaning'inia ovyo na kuharibu sura ya vyumba. Wenye nyumba wakatii. Siku waliyotutarajia tena, walipaka kuta rangi, wakatandika shuka mpya, na kamba zote wakaziviringisha vizuri kabisa juu, kwenye fimbo za mapazia. Asubuhi hiyo Mwalimu alijaribu kujigeuza, akaanguka kati ya kitanda na ukuta. Akainua mkono. Kamba iko juu. Mdogo wake alikuwa dirishani, amempa mgongo, anaangalia kama gari la wakaguzi linakuja. Wahudumu wote walikuwa wamepangwa barazani na sare safi, kutupokea sisi. Mwalimu alilala sakafuni tangu walipoondoa vikombe vya chai ya asubuhi mpaka tulipoingia mlangoni, tukisindikizwa na msimamizi aliyekuwa akituonyesha rangi mpya.

Sikuwahi kumwona Bi Bado akikimbia kabla ya hapo. Tulimwinua Mwalimu, hakuvunjika kitu, namshukuru Mungu, ila mwili ulikuwa wa baridi na amejikojolea, mwalimu mzima wa watu. Mdogo wake alipogeuka na kuona, alilia kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema: "Dada, mbona hukuniita? Mbona hukuniita?" Msimamizi naye akaanza kueleza kwamba kamba walizipandisha kwa heshima yetu. Nilitamani kumrukia. Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Ofisini kulikuwa na njia mbili, kuipitisha nyumba kwa onyo au kuifunga. Ikipitishwa, kamba zingerudi juu rangi ikianza kufifia na sisi tukitarajiwa tena. Ikifungwa, wazee wangetawanywa, na hatukupata nyumba hata moja yenye vitanda viwili vilivyo wazi. Dada angepelekwa upande huu na mdogo wake upande ule. Mwalimu alikwisha kulijua hilo kabla yetu, akaandika kwenye kibao: "Msitutenganishe." Mkuu wa kitengo alimwita Bi Bado na kumtaka aseme neno moja tu, kupitisha au kufunga. Mnajua neno alilosema.

Basi ikawa kila wiki tunakwenda nyumba ya baraza la kijani, bila taarifa, saa yoyote inayomjia kichwani. Dereva alilalamika, mhasibu alilalamikia mafuta ya gari, na mimi nililalamika kuliko wote. Msimamizi alipiga simu kwa wakubwa kusema mkaguzi wenu amehamia kwangu, sasa nimtafutie na mswaki? Bi Bado alijitia hamnazo. Mwanzoni kamba zilishushwa ila hakuna aliyekuja. Baadaye akaanza kuja mtu kwa kujivuta, anachungulia, anasema, "Ah, kumbe ni wewe," na kuondoka zake. Bi Bado akavuta tena. Na tena. Ungemkuta pale amelala chali, ametulia tuli, wakati sisi wengine damu inatuchemka.

Alipoona wamemzoea, akabadili mbinu. Siku hiyo aliniamuru mimi nipande kitandani kwa Mwalimu. Nilibisha, nikashindwa, nikavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka chote kuwasalimia watu. Mwalimu alikitazama, mabega yakaanza kumtikisika, kisha ikamtoka sauti, ya kukwaruza lakini sauti. Alikuwa anacheka. Mdogo wake hakuisikia, ila aliuona mdomo wa dada yake, akaja kumshika uso kwa mikono miwili. Mimi nikavuta kamba ili nipate pa kuficha aibu yangu. Kabla sijajifunika vizuri mhudumu aliingia anahema, mikono imejaa povu la sabuni: "Nimekuja, mama, kuna nini?" Hakujua kuwa ni sisi.

Bi Bado alivaa viatu vyake na kusema, "Twende." Dereva alimwomba arudie.

Nyumba haikufungwa, na ndugu wale hawakutenganishwa. Miaka imepita, tunakwenda bado, na mtu bado anakuja. Kutokana na nyumba ile, Bi Bado aliibana ofisi mpaka fomu zetu zikabadilishwa. Zamani ziliuliza kama kengele ipo. Sasa zinauliza, ukiivuta, nani anakuja? Waliopinga badiliko hilo kwa nguvu zote watalitaja Ijumaa hiyo kwenye hotuba zao kana kwamba wao ndio waliolizaa. Subirini mwone.

Na sasa, huyu anaondoka, tumetangaziwa mfumo mpya. Makao ya wazee yatajipiga picha yenyewe na kututumia kwa simu: jiko, vyumba, kamba. Picha zitapendeza, sina wasiwasi. Nimeuliza kwenye vikao viwili ni picha gani itakayomwonyesha mtu anayekuja, nikajibiwa kwamba tuwe na mtazamo wa kisasa. Mkuu wa kitengo alinishauri aya hii niiondoe. Samahani mkuu, nimepitiwa.

Wiki iliyopita Bi Bado alikwenda kuaga nyumba ya baraza la kijani. Alivua viatu, akalala, akavuta, mtu akaja. Waliagana kwa vicheko. Halafu Mwalimu akaandika kwenye kibao, polepole, na kutugeuzia: "Baada yako, nani atalala hapa?" Bi Bado alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliinama kufunga kamba za viatu, na akachukua muda mrefu mno kuzifunga. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na hakutaka yeyote kati yetu amtazame.

Bi Bado, tunakushukuru kwa dhati. Umetuchosha, umetuchelewesha, umetufanya tule chakula kilichopoa miaka nenda miaka rudi, na umewafanya wazee wengi wasilale sakafuni. Tunakuombea siku za utulivu, kitanda chako mwenyewe, na watu wa kuja mara moja kila utakapoita.

Kuhusu swali la Mwalimu, usiumize kichwa. Nimenunua soksi mpya, na dereva nimeshamwambia aje na nyuzi zake za kufumia.