Aliyeandika Anaitwa Kambere

Ukitaka kusikia habari za Butembo kabla hazijatokea, nenda kakae kwenye benchi la Nassoro. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya gereji anapoziba matairi na kulaza malori yake, na kahawa yake ya tangawizi huwavuta watu tangu asubuhi. Hapo utamkuta Mathe, ambaye wote humwita Antenne kwa kuwa redio yake ndogo haimtoki sikioni. Utamkuta na Esdras, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, anayeitwa Constitution kwa sababu kila jambo kwake lina kifungu chake cha sheria. Jumanne hiyo alikuwapo pia Virgule, yaani alama ya mkato, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kupiga fotokopi kando ya gereji. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, amejaa hasira. Jina lake halisi ni Kambere, lakini wazee wa benchi walikuwa wamelisahau siku nyingi. Siku hiyo kusahau kwao kulimfaa, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi.

— Balimukamata! — alisema Antenne kabla hata ya kukaa. — Saa kumi na mbili ya asubui, angali anavaa bote ya kazi. Kambere mwashi, ule anajenga mur, ukuta ya soko.

— Juu ya nini? — aliuliza Nassoro akimimina.

— Juu ya blogu.

— Blogu ni kitu gani?

— Ni kitu ya ku internet. Mutu anaandika maneno ya moyo yake, dunia yote inasoma. Sasa kuko moja inasema chef ya quartier, mukubwa ya mutaa, juu ya robinet ya maji. Chini iko signature: Kambere. Chef anasema ni mwashi, juu balisemezana naye mubaya pale ku robinet mwezi ilipita. Donc, cachot, bamemufunga.

Virgule alikodolea macho kikombe chake. Mwashi alikuwa hajaandika kitu. Aliyeandika alikuwa yeye.

Miaka ishirini alikuwa akichapa maneno ya watu wengine: maombi ya kazi, rambirambi, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Lake mwenyewe hakuwahi kuandika hata mstari. Kisha wiki tatu zilizopita mama yake alianguka, na siku tatu baadaye Virgule akafunga kibanda, akatafuta kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka jinsi mtu anavyoanza blogu. Maelekezo yalimwambia achague jina, achague rangi, ajitambulishe kwa maneno machache ya furaha, kisha aandike juu ya jambo analolipenda. Jambo la kupenda hakuwa nalo. Alikuwa na jambo la kuchukia, na rangi aliyoikuta ndiyo aliyoiacha. Aliandika mistari michache, akafuta, akaandika tena, mpaka ikabaki ile tu iliyokuwa ikimchoma.

Alipofika kwenye sahihi, akasita. Akaweka Kambere, akajiona mjanja. Katika nchi hii ya Wanande kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambere. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina wa kwake. Alidhani amejificha katikati ya umati. Hakufikiri kwamba mwenye nguvu anaweza kutia mkono kwenye umati ule na kumtoa yeyote anayemtaka. Asubuhi hiyo, aliposikia nani amechukuliwa, aliishika simu kabla hata ya kuvaa viatu, akaifuta blogu yote.

— Lakini ule mwashi hapana jua hata kusoma, — alisema Nassoro. — Ataandika namna gani?

— Sasa hivi kuandika haiombe kujua kuandika! — Antenne alipandisha sauti. — Unasema mu téléphone, yeye inaandika pekee yake.

— Tuanze na mwanzo, — alisema Constitution, na akakohoa kama mtu anayefungua kikao. — Kufungua blogu inaomba autorisation, ruhusa ya serikali. Unaleta statuts, unaleta règlement d'ordre intérieur, unaunda comité ya batu saba: président, vice, secrétaire…

— Blogu ya mutu mumoja, comité ya nini? — Virgule alishindwa kunyamaza.

— Ile ni sheria, Virgule.

— Article ngapi?

— Iko ndani ya code ya sheria. Utatafuta.

Antenne alimkatiza. Kwake shida haikuwa comité, ilikuwa antena. Blogu bila antena haifiki popote, na sasa alikuwa ameelewa kwa nini ukuta wa soko umekuwa mnene vile: mwashi ameficha antena ndani ya matofali. Yeye mwenyewe alipita pale Ijumaa, redio yake ikapiga kelele.

— Redio yako inapiga kelele fasi yote, — alisema Nassoro.

— Pale ilipiga zaidi!

— Hapana, hapana, — Constitution alitikisa kichwa. — Mwashi bamemutumia tu. Ile blogu inaandikwa Kampala, inaingia huku na malori, imefichwa mu bidhaa.

— Eh, Mwalimu! — Nassoro aliweka kikombe chini kwa kishindo. — Malori yangu inabeba samaki ya Kyavinyonge na viazi ya Musienene. Haijabeba blogu hata siku moja! Ukisema vile tena utakunywa kahawa ya kwako!

— Mi sikutaja jina.

— Mwenye malori hapa ni nani mwingine?

Walisemezana, wakanyosheana vidole, wakapatanishwa na kikombe kingine. Kisha Antenne aliinama mbele, akashusha sauti. Alikuwa amegundua. Aliyeandika ni chef mwenyewe, ili apate sababu ya kuwafunga wanaolalamika kabla hawajaja wakaguzi wa mradi wa maji.

— Na musisahau maneno yenyewe, — alisema Constitution. — Inaita batu bashushe serikali.

— Inasema chef hatafika Noeli, — aliongeza Antenne. — Inasema tutachoma nyumba yake.

— Haiseme vile! — alifoka Virgule.

Benchi lote liligeuka.

— Wewe ulisoma? — aliuliza Antenne.

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni. Virgule alilimeza.

— Nilisikia tu, — alisema, na akajichukia.

Aliwachukia na wao. Maneno yale aliyapima moja moja, akakesha nayo, na sasa wanaume wazima walikuwa wakiyageuza moto wa kuchoma nyumba na kuyapakia kwenye malori. Kama wangekuwa wameyasoma wakayatukana, angevumilia.

Ndipo akatokea mwanamke upande wa barabara ya ofisi ya quartier, bakuli limefungwa kwa kitenge mikononi. Alikuwa Zawadi, mke wa mwashi. Kwenye cachot ile, chumba cha mahabusu, serikali haimlishi mtu. Usipoletewa chakula na wako, unalala njaa. Wazee walisogea wampe nafasi. Hakukaa.

— Pole, mama, — alisema Constitution. — Tuko tunaongea juu ya kesi yenu.

— Nasikia. Tangu kule chini nasikia. — Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. — Bapapa, mi sikusoma, na bwana yangu hakusoma. Kule banamupiga, banasema akubali maneno yake. Anauliza ni maneno gani, banamupiga tena. Nyinyi munajua karatasi. Niambieni kitu moja tu. Ile blogu inasema nini?

— Inasema juu ya chef, — alisema Antenne.

— Ndiyo, juu ya chef. Inasema nini?

Antenne alimtazama Constitution. Constitution alivua miwani, akaifuta kwa shati.

— Kusoma kabisa kabisa, sikusoma. Niliambiwa na Antenne.

— Na wewe, papa?

— Beau-frère, shemeji yangu, alinieleza, — alisema Antenne.

— Yeye alisoma?

— Aliona téléphone ya chef, — alijibu polepole. — Kwa mbali.

Nassoro, kwa aibu ya wote, alitoa simu yake akajaribu kuitafuta. Alibonyeza, akangoja mtandao, akabonyeza tena.

— Page haiko. Bameitosha, imefutwa.

Zawadi aliwatazama mmoja mmoja. Asubuhi nzima walikuwa wamemla mume wake pamoja na kahawa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Virgule aliweka kikombe chini. Alianza kuyasema maneno yale kwa kichwa, bila simu wala karatasi.

— "Mama yangu ana miaka sitini na nane. Alhamisi alianguka kwenye mteremko wa bonde, bidoni ya maji mgongoni na kamba kichwani, na nyonga yake ikavunjika. Bomba la maji liko hatua thelathini kutoka mlango wetu. Lina kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwa chef. Sitaki afungwe. Sitaki afukuzwe. Nataka aje asimame mbele ya kitanda cha mama yangu, amwonyeshe ule ufunguo." Ni ile tu. Haina kitu ingine.

Nassoro ndiye aliyekuwa amembeba mama huyo hospitali kwa gari lake, Alhamisi ile. Alimtazama Virgule, kisha akatazama chini.

— Mama mukwe yangu tulimuzika Musienene, — alisema Zawadi. — Sasa ni miaka kenda. Wangesoma mustari ya kwanza tu, wangejua haiko bwana yangu.

— Ni kweli, — alisema Virgule.

— Wewe ulijua bamemukamata tangu saa ngapi?

— Tangu asubui.

— Na ile page?

— Mi niliifuta.

— Ndugu, kimbia Beni leo leo, — alinong'ona Antenne. — Kuko gari saa sita.

— Ama uandike barua ya kuomba musamaha, — alisema Constitution. — Nitakusaidia na formule.

Virgule hakuwasikia. Alikuwa akingoja Zawadi amtukane. Tusi angelipokea kwa mikono miwili. Hakumtukana. Alimsogelea, akamwekea bakuli mikononi, na lilikuwa bado la moto.

— Beba, — alisema. — Twende. Ukifika ku bureau utabaambia mwenyewe nani anatoka, na nani anabaki pale kula.

Alitangulia bila kugeuka nyuma. Virgule alipita mbele ya kibanda chake, mlango wazi, mtu mmoja akingoja fotokopi, na hakusimama. Bakuli lilimuunguza vidole njia nzima, naye hakubadilisha mkono.