Tarehe Tatu za Kuokoka za Mzee Alfayo arap Too

Marehemu kaka yangu, Mzee Alfayo Kipkorir arap Too, alizaliwa Kimulot tarehe 12 Machi 1934, wa kwanza kati ya watoto watano. Mimi Johana ndiye kitinda mimba, na ndiye pekee niliyebaki. Nimeombwa nisome habari zake, ingawa sina hakika kama nazielewa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1951. Huko ndiko alikookoka, tarehe 3 Juni mwaka huo, akaiandika tarehe ndani ya jalada la Biblia yake.

Mwaka 1965 aliajiriwa kuwa karani wa kituo cha kununua majani chai. Kikapu kikifika alikimwaga mezani na kuyageuza majani yote hadi ya chini, hata kikapu cha mkewe. Mambo ya kanisa aliyageuza vivyo hivyo. Jumapili moja ya mvua, tukiwa tumevua gambuti mlangoni, mzee mmoja wa kanisa alimwambia aache maswali, aamini tu. Alfayo akamjibu, "Sawa. Akili pia niache hapo na gambuti?" Nilicheka, nikakaripiwa mimi.

Alikuwa amemwoa Rebeccah tarehe 9 Desemba 1961. Mtoto wao wa kwanza, Chemutai, alifariki kwa surua mwaka 1969. Tulimpeleka hospitali na tukamwombea, yote mawili. Wiki hiyo Alfayo aliifuta ile tarehe ya kwenye Biblia kwa kalamu yake ya kazini. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, kwenye benchi lake lile lile, na hakuacha kwenda. Mpaka leo sijui alikuwa akifuata nini. Mwaka 1974 aliandika tarehe nyingine. Ya mwisho, Krismasi ya 1988, ina alama ya kuuliza pembeni.

Programu yetu ya mazishi ina nafasi ya tarehe ya kuokoka, na Mchungaji Gibson alitaka moja tu. Rebeccah yeye anataka kujua kama watakutana tena. "Johana, wewe ndio ulikuwa unaongea na yeye," aliniambia. "Aliamini ama hakuamini?" Nafasi ile ya tarehe mnaiona iko wazi. Inaniuma.

Aliugua saratani ya koo tangu Februari 1996, akanywa dawa zote na kuombewa na kila aliyekuja. Alhamisi tarehe 22 Agosti, hospitalini Kericho, Mchungaji alimuuliza kama anaamini. "Naamini," akasema kwa shida. "Lakini niko na swali." Akaomba maji kwanza. Rebeccah aliporudi na kikombe, Alfayo alikuwa ametuacha.

Ameacha mjane, Rebeccah, watoto wawili, Aron na Nelvine, wajukuu sita, na mimi. Mungu ampumzishe, lakini kwanza amsikilize.